Fimbo ya mlozi si fimbo ya mulozi

Jumamosi moja jioni, katika kikundi chetu cha kusoma Biblia hapa Butembo, komini ya Bulengera, mama mmoja aliweka Biblia yake juu ya magoti na kuuliza swali ambalo lilitunyamazisha wote. Tulikuwa watu kumi na wawili. Watano kati yetu ni wahamaji waliotoka upande wa Kanyabayonga na Kirumba, vita ilipowafikia mwaka 2024, na mama huyo ni mmoja wao. Tulikuwa tumefika Yeremia sura ya kwanza, pale Mungu anapomuuliza kijana Yeremia anaona nini. Yeremia anajibu kwamba anaona ufito wa mlozi. Mungu anamwambia ameona vizuri.

Mama akauliza: "Sasa, baba, fimbo ya mulozi inafanya nini mbele ya nabii? Na Mungu anamusifu juu ya nini?"

Msomaji wa Dar es Salaam au wa Mombasa anaweza kucheka hapo. Sisi hatukucheka. Hapa Kivu mulozi ni mtu anayeua watu kwa uchawi, na neno hilo si la mchezo. Tunajua linavyoanza kwa minong'ono kisimani, mtoto akiugua au ng'ombe akifa, na tunajua linavyoishia kwenye mlango wa mama mzee asiye na mtu wa kumtetea. Kuna wazee waliofukuzwa vijijini kwao kwa neno hilo moja tu. Kuna waliouawa. Mhubiri akilisoma kwa haraka siku ya Yubile au Jumapili ya kawaida, bila kulieleza, hajui limeingia katika masikio ya nani na litatoka namna gani.

Siku ile sikuwa na jibu. Nilisema tutaangalia. Usiku nikaazima kwa jirani Biblia ya Kifaransa, ile nene yenye maelezo chini ya kila ukurasa. Mlozi ni mti. Ni mti wa lozi, zile mbegu ambazo hapa tunaziona ndani ya biskuti za bei kali, kama tukiziona. Hakuna mtu Butembo aliyepanda mlozi, kwa hiyo hakuna mtu Butembo anayeuona huo mti akisikia jina lake.

Lakini maelezo yaliendelea. Kwa Kiebrania mti huo unaitwa shaked. Na katika mstari unaofuata, Mungu anaposema kwamba yeye anaangalia neno lake mpaka litimie, neno analotumia ni shoked: anakesha, yuko macho. Shaked, shoked. Kwa maandishi ya zamani ya Kiebrania herufi ni zile zile tatu, sauti tu ndiyo inabadilika. Na jina hilo mti haukulipata bure. Kule kwao mlozi unachanua kabla ya miti mingine, baridi ikiwa bado haijaisha, wakati miti mingine bado imelala. Ni mti wenye kukesha. Ndiyo maana Mungu anamwambia Yeremia ameona vizuri: umeona mti unaokesha, nami ninakesha.

Jumamosi iliyofuata niliwaeleza wenzangu. Mama yule alikaa kimya kidogo, halafu akasema kwamba kumbe miaka yote hiyo alikuwa anauogopa mstari ambao uliandikwa ili asiogope.

Nimeandika habari nyingi za Beni na Butembo, nyingi zikiwa za watu kukesha. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2014, mauaji yalipoanza kuzunguka mji wa Beni, kuna familia za Mbau, Oicha na Eringeti ambazo hazijui tena usingizi mzima. Watu wanalala na viatu. Mzigo umefungwa, uko karibu na mlango, na mtoto mkubwa anajua atambeba nani. Ukimwambia mtu wa namna hiyo kwamba Mungu analinda, atasema amina kwa heshima tu, maana amekwisha kusikia hivyo kwenye mazishi mengi. Ukimwonyesha kwamba Mungu alijifananisha na mti ambao haulali wakati wengine wamelala, atakuuliza maswali. Anaweza hata kukasirika: kama alikuwa macho, kwa nini kule Mbau? Mimi napenda hasira hiyo kuliko amina ya heshima. Yeremia mwenyewe alimuuliza Mungu maswali makali kuliko hayo.

Kuna viongozi wa kanisa, watu ninaowaheshimu, wanaosema kwamba mukristo wa kawaida asichimbechimbe maneno. Neno la Mungu si kitendawili, asome, aamini, mengine awaachie waliosoma teolojia. Naelewa hofu yao. Sikubaliani nao.

Kwanza, sisi ni watu gani wa kuogopa mchezo wa maneno? Hapa kwetu ukisikia mtu anaitwa Muhindo au Kahindo, hata kabla ya kumwona unajua kwamba kwao kulitokea mageuzi: wasichana walifuatana halafu akaja mvulana, au wavulana walifuatana halafu akaja msichana. Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale ni wa pili. Jina ni habari. Bibi zetu wakitaka kumgombeza mtu mzima hawamtaji, wanatupa mithali katikati ya chakula, na mwenyewe anajua. Watu wa namna hiyo wakifungua Biblia, ghafla majina yanakuwa kelele tu, wanayaruka kama mawe ya barabarani. Adamu, Babeli, Betlehemu, Mara. Waebrania nao walikuwa watu wa majina na mithali, na waliandika kwa ajili ya masikio, maana wengi walisikilizwa kusomewa kama ninyi mnavyosomewa habari hizi kwenye redio.

Mara nyingine Kiswahili chetu kinabeba mchezo huo bila shida. Katika Samweli wa pili, sura ya 7, Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba, na Mungu anamjibu kwamba ni yeye Mungu atakayemjengea Daudi nyumba. Ya kwanza ni ya mawe na mbao, ya pili ni ukoo. Kwetu pia nyumba ni vyote viwili, na hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mara nyingine mchezo unapotea kabisa, kama mlozi. Njia tunayotumia katika kikundi ni ya kimaskini lakini inafaa: mmoja anasoma Kiswahili, mwingine Kinande, mwingine Kifaransa. Pale ambapo lugha tatu zinasema maneno yasiyofanana, tunasimama. Karibu kila mara kuna kitu chini ya jiwe.

Hofu ya viongozi ina sehemu ya kweli, na nitaisema. Kwa Kiebrania, "mwanangu" ni beni. Ndiyo, Beni. Nilipogundua hivyo nilitabasamu peke yangu kama mjinga, nikafikiri habari nzima ya kuandika: mji ambao Mungu anauita mwanangu. Halafu nikaacha. Hiyo ni bahati ya sauti, siyo Maandiko. Aliyeandika hakujua mji wetu, na mji wetu haukupewa jina na Waebrania. Kuna wahubiri wa mtaani ambao wangetengeneza unabii kwa kitu kidogo kuliko hicho, na kuomba sadaka mwishoni. Kipimo changu ni hiki: je, mwandishi mwenyewe ameweka maneno hayo mawili karibu karibu, katika habari moja, ili msikilizaji ayasikie pamoja? Yeremia ameweka mlozi na kukesha katika mistari miwili inayofuatana. Huo ni mchezo wake. Wa Beni ni wangu mimi.

Baada ya mlozi, kikundi kiliamua kusoma kitabu cha Ruthu. Sababu ilitolewa na wahamaji wenyewe: ni kitabu cha watu waliohama. Kina sura nne tu. Tumekaa ndani yake miezi miwili.

Kinaanza na njaa katika mji wa Betlehemu. Jina hilo maana yake ni nyumba ya mkate. Mwandishi hakuhitaji kueleza, wasikilizaji wake walisikia papo hapo: nyumba ya mkate haina mkate. Tulipofika hapo mzee mmoja wa Kirumba alicheka kicheko kisicho cha furaha. Kule kwao ndiko maharagi na viazi vinatoka kuja kwenye soko zetu. Mwaka ule yeye mwenyewe alipanga foleni Butembo kupewa maharagi.

Elimeleki anahama pamoja na mke wake Naomi na wana wawili, Maloni na Kilioni. Wanaume wote watatu wanafia ugenini. Majina ya wale vijana, kwa masikio ya Mwebrania, yanakaribia kusema ugonjwa na kuisha. Kwa masikio yetu Kilioni ni mahali pa kilio, na hapo tena ilibidi niwakumbushe watu kwamba ni bahati ya Kiswahili. Lakini sikusisitiza sana. Mama mmoja alikuwa amekwisha kufuta machozi.

Naomi anarudi na kusema asiitwe tena Naomi, jina la kupendeza, aitwe Mara, yaani uchungu. Anasema alitoka amejaa na Mungu amemrudisha mtupu. Shikeni neno hilo, mtupu. Kwa Kiebrania ni rekam. Tutalikuta tena.

Ruthu, mkwe wake, ni mgeni kabisa. Ni Mmoabi, na Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 23, inakataa Wamoabi kuingia katika mkutano wa Bwana. Mwandishi anarudia neno Mmoabi kila mara, hata pale ambapo tumekwisha kujua, kama vile majirani wanavyoendelea kukuita "yule wa Kanyabayonga" miaka miwili baada ya kufika. Anakwenda kuokota masuke nyuma ya wavunaji. Boazi, mwenye shamba, anamwona na kuuliza: msichana huyu ni wa nani?

Tulibishana sana juu ya swali hilo. Sisi tunaulizana hivyo kila siku. Tangu bomu lilipolipuka kanisani Kasindi tarehe 15 mwezi wa kwanza mwaka 2023, watu wakiwa katika ibada, tumefundishwa kumwangalia kila asiyejulikana, hata ndani ya kanisa. Wakubwa wa mitaa wanatuambia tuandikishe kila mgeni anayelala kwetu, na wana sababu. Ndugu mmoja wa Butembo alisema wazi kwamba anaogopa wahamaji kwa sababu hajui ni nani amejificha kati yao. Wahamaji walikuwa wamekaa pale pale, wanamsikia. Hakuna aliyemgombeza. Boazi naye aliuliza. Kuuliza si dhambi.

Tofauti iko katika kinachofuata. Boazi anajibiwa kwamba ni Mmoabi, na jibu hilo lingetosha kumfukuza. Badala yake anamruhusu abaki, anywe maji ya watumishi, asisumbuliwe. Ruthu anaanguka kifudifudi na kuuliza imekuwaje amtambue yeye aliye mgeni. Katika Kiebrania, kutambua na mgeni, katika sentensi ile, yanasikika kama ndugu, herufi zao za shina ni zile zile. Ni kama anasema: imekuwaje umenitambua mimi nisiyetambulika? Hapo ndipo mama wa swali la mlozi alipopiga kofi pajani. Wahamaji wengi wa Butembo na Beni hawakai kambini, wanakaa kwa watu, wanne na watano ndani ya chumba kimoja, au nyuma ya nyumba ya shangazi. Ugawaji wa misaada ukifika, wanaambiwa jina halipo kwenye orodha. Anayeonekana ni yule wa kambini. Aliye kwa shangazi hatambuliki.

Sasa nafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, kitabu chote kimewekwa. Boazi anamwombea Ruthu. Anasema Mungu wa Israeli amlipe, kwa sababu amekuja kujificha chini ya mabawa yake. Ni maombi mazuri. Makanisa yetu yanayasali kila Jumapili kwa ajili ya wahamaji, kwa maneno mengi zaidi. Sura inakwisha, mavuno yanaendelea, Ruthu anaokota, Naomi anakula, na Boazi amekwisha kuomba.

Katika sura ya 3 Ruthu anamwendea Boazi usiku, penye kupuria nafaka, na kumwomba atandaze ukingo wa vazi lake juu yake. Ni namna ya kumwomba amchukue kama mke na kumlinda. Na lile neno la ukingo wa vazi, kwa Kiebrania, ni kanaf. Neno la bawa katika maombi ya Boazi ni kanaf pia. Ni neno moja! Biblia ya Kiswahili inaandika mabawa kule na vazi huku, kwa hiyo sikio letu halikamati kitu. Lakini Boazi alikamata. Mgeni amemrudishia maombi yake mwenyewe: ulisema nijifiche chini ya bawa la Mungu, haya, tandaza lako.

Wamama wa kikundi walielewa kabla sijamaliza, na walieleza kuliko mimi. Mvua ikikukuta njiani na mtoto mgongoni, unafanya nini? Unachukua ukingo wa kikwembe na kumfunika. Kuku anafanya hivyo hivyo kwa bawa. Mama mmoja alisimama akatuonyesha kwa kikwembe chake, na kweli, ukiona mkono umeinuliwa na kitambaa kimetanda, huwezi kusema kama ni nguo au ni bawa.

Ndiyo sababu nasema mchezo wa maneno katika Biblia si pambo. Ungeniuliza mwaka uliopita kitabu cha Ruthu kinasema nini, ningekujibu kwamba kinasema Mungu anawakumbuka wageni. Sasa najua kinasema jambo linalonisumbua zaidi. Mimi pia nilikuwa nimeomba. Nilikuwa na chumba cha nyuma ambamo niliweka mbao na baiskeli mbovu, huku nikiandika habari za watu wanaolala darasani na kutoka saa kumi na mbili asubuhi kabla wanafunzi hawajaingia. Habari nilizoandika zilikuwa za kweli. Mbao zilikuwa pale pale. Sitasema nilifanya nini baadaye, wanaonijua wanajua, na jambo lenyewe lilichelewa.

Nawauliza wakubwa wa makanisa yetu, wa Katoliki, wa CBCA, wa CECA 20 na wengine wote, swali ambalo Ruthu alimuuliza Boazi. Madarasa ya katekisimu yanafungwa siku sita kwa juma. Majengo ya mikutano yanafunguliwa kwa harusi. Najua wengi wamefungua, najua parokia na misheni ambazo zimelisha watu mpaka ghala likabaki vumbi. Na familia maskini za Butembo na Beni ndizo zimebeba mzigo mkubwa kuliko wote, bila mtu kuzihesabu. Nawasemea wale ambao bado wako katika sura ya 2, wanaomba vizuri sana.

Na lile neno mtupu? Boazi, asubuhi ile, anampimia Ruthu vipimo sita vya shayiri, na Ruthu anamweleza Naomi kwamba aliambiwa asirudi mtupu kwa mama mkwe wake. Rekam, neno lile lile ambalo Naomi alilia nalo alipoingia mjini. Hakuna anayemhubiria Naomi. Hakuna anayemwambia asilalamike. Neno lake la uchungu linajibiwa kwa nafaka iliyofungwa ndani ya shuka.

Wiki mbili zilizopita tuligeukia Maombolezo, na hapo hamhitaji Kiebrania wala maelezo ya chini ya ukurasa, mnahitaji vidole tu. Hesabuni mistari. Sura ya kwanza ina 22, ya pili 22, ya tatu 66, ya nne 22, ya tano 22. Kiebrania kina herufi 22. Aliyeandika, mji wake ukiwa umechomwa na watu wake wametawanyika, alilia kwa mpango wa alfabeti: mstari wa kwanza unaanza na herufi ya kwanza, wa pili na ya pili, mpaka mwisho. Katika sura ya tatu kila herufi amepewa mistari mitatu. Lakini sura ya tano, ingawa ina mistari 22, haifuati tena herufi. Hesabu imebaki, mpango umevunjika.

Mtoto wa miaka tisa ndiye alituhesabia, kwa tochi ya simu, akaweka kidole kwenye kila mstari. Alipomaliza, mama wa mlozi alisema: "Hata sisi tunahesabu watoto kila jioni, hata ile siku hakuna mtu mwenye neno la kusema."

Jumamosi ijayo tunaanza Amosi sura ya 8, penye kikapu cha matunda. Ni saa tisa, mahali pale pale. Mwenye Biblia ya Kifaransa yenye maelezo aje nayo, maana ile moja ya jirani inabidi nirudishe.